SOMO LA KIKUNDI: Manjano ya Mtoto Mchanga, Tuangalie Wapi na Tupime Vipi?



Somo la safari hii linahusu mtoto wa siku moja hadi wiki mbili. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika penye zoezi, wekeni karatasi chini mfanye zoezi lenyewe, ndipo muendelee. Na akina baba msitoke nje mkidhani haya ni mambo ya wanawake. Nitawafikia mbele.

Kwanza niungame kosa langu mwenyewe. Masika ya mwaka 2014 nilikwenda kumwona mama mmoja wa kikundi aliyekuwa amejifungua. Alizalia hospitali, akaruhusiwa kesho yake, na mimi nikafika siku ya tatu na sabuni na sukari yangu kama ilivyo desturi. Nyumba ilikuwa ya udongo, dirisha dogo kama daftari, nje mvua inanyesha. Nyanyake mtoto akaniambia, "Mwanangu, hebu tazama haya macho. Mimi naona kama yana umanjano." Nikasogeza taa ya mafuta, nikatazama. Nikasema, "Ni kawaida hiyo, mama. Jua likitoka mwanikeni asubuhi, yataisha." Nikanywa chai, nikaenda zangu.

Mtoto alilala sana siku zile. Kila mtu alimsifu kwa utulivu wake. Usiku wa siku ya sita akaanza kulia kwa sauti nyembamba kama ya paka, akakakamaa, kichwa kikarudi nyuma. Alifikishwa hospitali kwa bodaboda. Damu ilipopimwa, namba ilikuwa imepita 500, na hiyo namba nitaieleza. Walifanya walichoweza, na mtoto aliishi. Lakini hadi leo hawezi kukaa bila kuegemezwa, na hasikii. Mama yake ameniruhusu niwasimulie mradi nisimtaje. Pia aliniomba nisiseme ni mapenzi ya Mungu, basi. Alikwisha kumuuliza daktari, akajibiwa kwamba kama mtoto angepelekwa siku ya tatu, angepona.

Mnaona ilivyokuwa. Nyanya aliona. Mwenye diploma ndiye aliyesema si kitu. Diploma yangu ni ya kazi za jamii, si ya uuguzi, lakini kijijini mtu mwenye kalamu na daftari husikilizwa kuliko mzee. Tangu hapo nimekaa na wauguzi wa watoto nikajifunza, na ninayowaandikia ni yale waliyonifundisha.

Manjano haya ni nini

Tusichanganye maneno. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaletwa na mbu na una chanjo yake. Haya tunayosema ni manjano ya mtoto mchanga, hayaambukizi, wala hayatokani na mama kula kiazi au embe wakati wa mimba.

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo ndogo nyekundu. Chembe hizi huzeeka, zinavunjwa, na mabaki yake huacha kitu cha rangi ya manjano kinachoitwa bilirubini. Kwa mtu mzima ini huichukua bilirubini, huitengeneza na kuitoa kwa njia ya nyongo hadi kwenye choo. Mtoto mchanga ana chembe nyekundu nyingi kuliko sisi, nazo hazidumu sana, lakini ini lake bado halijazoea kazi. Tumboni kazi hiyo alifanyiwa na mama kupitia kondo la nyuma. Akizaliwa, kamba ya kitovu ikikatwa, lazima aanze kujifanyia mwenyewe. Basi bilirubini inarundikana kwenye damu na ngozi inaonyesha.

Ndiyo maana katika watoto 10 waliotimiza miezi, karibu 6 huonyesha umanjano kidogo wiki ya kwanza, na kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni karibu 8. Wengi hupona bila dawa yoyote, wananyonya tu, wanakwenda choo, yanakwisha. Kwa hiyo anayesema "ni kawaida" hasemi uongo. Shida ni kwamba hajui kama huyu aliye mbele yake ni katika wale wengi au ni yule mmoja.

Kwa yule mmoja, bilirubini inazidi mno kwenye damu hadi inapenya kwenye ubongo. Inaharibu hasa sehemu zinazoongoza kusikia na kuongoza viungo. Ikishaharibu hairudi. Sisi tunafahamu watoto wa namna hiyo katika vijiji vyetu, wengine wamefichwa ndani, na watu wanasema kuna mtu alimwangalia vibaya au ukoo una laana. Pale Kilifi watafiti waliwafuatilia watoto waliokuwa wamelazwa kwa manjano makali wakapona, na mwaka 2005 wakachapisha waliyoyaona: walikuwa na shida za viungo, za kula na za kuchangamana na watu kuliko watoto wengine wa vijiji vile vile. Hawa ni watoto walioruhusiwa wakaenda nyumbani, familia zikashangilia kuwa wamepona.

Hesabuni siku

Chukueni kijiti mchore siku chini. Mtoto amezaliwa Jumatatu asubuhi. Jumanne mama anaruhusiwa. Manjano ya kawaida huanza kuonekana siku ya pili au ya tatu, yanapanda, na hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, yaani Alhamisi hadi Jumamosi. Kisha yanashuka, na wiki ya pili ikiisha yamekwisha. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati kilele huchelewa kidogo na kushuka huchukua muda zaidi.

Sasa mama anarudi kliniki lini? Wengi hurudi baada ya wiki moja au mbili. Basi tazameni mchoro wenu. Siku zenye hatari mtoto hayuko kwa nesi, yuko kwenu. Anayemwona ni mama, nyanya, jirani aliyeleta uji, na nyinyi wa kikundi. Sijui hospitali itafanya nini kuhusu pengo hilo, lakini sisi tunaweza kulijaza.

Kuna siku moja ambayo haina mjadala. Mtoto akionekana manjano kabla hajatimiza saa 24 tangu azaliwe, hata kama ni usoni tu, hiyo kamwe si kawaida. Huenda damu yake na ya mama hazikupatana, au ana maambukizi. Aende hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Namna ya kuangalia

Zoezi. Leteni sahani mbili na unga mweupe wa mahindi. Katika sahani moja changanyeni bizari ya manjano kidogo sana, ncha ya kisu tu, mkoroge vizuri. Ingieni ndani, fungeni mlango, washeni taa ya mafuta au ile balbu ya rangi ya manjano. Mwiteni mtu ambaye hakuona mkichanganya, aseme sahani ya manjano ni ipi. Halafu zitoeni mlangoni penye mwanga wa mchana, aseme tena.

Mkishamaliza mtaelewa kosa langu la mwaka 2014 bila mimi kulieleza zaidi. Mtoto aangaliwe mchana, mlangoni au karibu na dirisha, pasipo jua la kumpiga moja kwa moja. Aondolewe leso au blanketi la rangi ya manjano, kwa maana rangi ya nguo hurukia kwenye ngozi. Na avuliwe. Kumtazama uso tu huku mwili umefungwa mpaka shingoni si kuangalia.

Watoto wetu ni weusi, na weusi wa ngozi huficha. Kwa hiyo tunatazama mahali ambapo weusi hauko. Pa kwanza ni weupe wa macho. Mtoto mchanga hafungui macho ukimtaka, na usimfungue kwa vidole. Mwinue taratibu kama anayetaka kuketi, ukishika kichwa, mara nyingi atafungua mwenyewe. Pa pili ni ufizi. Pa tatu ni ncha ya pua: bonyeza polepole kwa kidole, hesabu moja, mbili, achia, na utazame upesi lile doa lililopauka kabla damu haijarudi. Kama doa hilo ni la manjano, basi yapo. Fanya hivyo hivyo kifuani, kisha tumboni, kisha pajani. Mwisho tazama viganja na nyayo.

Mwaka 1969 daktari mmoja wa Marekani aitwaye Kramer aliandika kwamba manjano huanza kichwani na kushuka kuelekea miguuni kadiri bilirubini inavyopanda. Usoni tu, ni kidogo. Yakifika tumboni na mapajani yamezidi. Yakifika viganjani na kwenye nyayo, ni mengi sana. Hilo ndilo la kukumbuka zaidi ya yote: viganja au nyayo za manjano, siku yoyote ile, ni safari ya hospitali leo, si kesho. Wauguzi wetu wa Kenya wamefundishwa hivyo hivyo, kwa hiyo mkifika mkasema "nyayo ni za manjano" wataelewa mara moja mnasema nini.

Na msimtazame rangi peke yake, mtazameni anavyonyonya. Mtoto mwenye manjano anayeanza kulala mno, anayeamshwa anyonye anaachia titi na kusinzia tena, asiyelowesha nepi kama jana, huyo si mtulivu. Mwenye mwili uliolegea, au baadaye anayekakamaa na kujikunja mgongo kinyumenyume, mwenye kilio chembamba, homa au degedege, huyo hatari imekwisha kuingia ubongoni na kila saa ina maana.

Jicho haliwezi kupima

Hapa ndipo nataka mkae muda mrefu. Jicho linaweza kusema manjano yapo. Haliwezi kusema ni kiasi gani. Hata daktari wa watoto mwenye uzoefu hukosea akikadiria kwa macho, na imejaribiwa mara nyingi katika nchi nyingi. Mtoto aliyeonekana wa kadiri hukutwa damu yake iko juu mno. Kwa hiyo mtu yeyote, hata mwenye koti jeupe, akisema kwa kutazama tu "haya si mengi", mnayo haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, je, anaweza kupimwa damu?"

Kipimo chenyewe ni damu kidogo, mara nyingi ya kisigino, inapelekwa maabara. Jibu hutoka kwa namba. Kwa hesabu wanayotumia hospitali nyingi, umanjano huanza kuonekana kwa macho bilirubini ikifika kama 85. Na hapa kuna mtego. Maabara nyingine huandika kwa hesabu nyingine, ya miligramu, ambamo 1 ni sawa na kama 17 za hesabu ya kwanza. Mtu akipewa karatasi imeandikwa 15 anaona ni kidogo, kumbe ni sawa na 255. Muulizeni nesi karatasi hii ni ya hesabu gani, na kama mtoto anahamishwa kwenda hospitali nyingine, karatasi isibaki nyumbani.

Namba peke yake pia haitoshi. Inasomwa pamoja na umri wa mtoto kwa saa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi na asiye na ugonjwa mwingine, akiwa na saa 24 namba ya 200 yatosha kumweka chini ya taa za tiba. Akiwa na saa 48 ni 250, saa 72 ni 300, na kuanzia saa 96 ni 350. Ikifika 450 huenda wakahitaji kumbadilisha damu, kazi kubwa ambayo haifanyiki kila hospitali. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati mipaka yote hii iko chini zaidi. Sikuwaandikia namba hizi ili mwamue wenyewe, hiyo ni kazi ya daktari. Nimeziandika ili muone kwamba 220 kwa mtoto wa jana na 220 kwa mtoto wa siku tano si jambo moja.

Ndiyo maana saa ya kuzaliwa lazima ijulikane. Nimeona mama akiulizwa anajibu "saa tatu", nesi anaandika 3. Mama alimaanisha saa tatu usiku, yaani 9 ya jioni kwa saa ya kizungu. Mtoto amezeeshwa au amepunguzwa umri kwa saa sita kwenye karatasi, na kwa mtoto wa siku mbili saa sita ni nyingi. Kwa wanaozalia nyumbani au njiani, mwanakikundi mmoja aandike siku na saa, aseme ni asubuhi, mchana au usiku. Iandikwe kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto.

Watu wamehangaika sana kutafuta kipimo kisicho cha damu. Mwaka 1960 huko Uingereza kulitengenezwa kijirula cha plastiki chenye mistari ya manjano ya viwango tofauti. Kinabonyezwa kwenye pua ya mtoto na unalinganisha rangi. Wazo hilo limerudi miaka hii: kuna rula mpya yenye mistari sita iitwayo Bili-ruler, ilijaribiwa Bangladesh na matokeo yakatoka 2019. Rula ni bora kuliko jicho tupu, lakini nayo kazi yake ni kuchuja, kumjua wa kupelekwa, si kutoa namba. Mwaka 1980 Wajapani walileta kifaa cha kugusa ngozi tu kwa mwanga, bila sindano. Ni kizuri, bei yake ndiyo kikwazo kwa hospitali ndogo. Na huko Blantyre, Malawi, madaktari pamoja na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani walijaribu kifaa kidogo cha betri: damu kidogo inawekwa kwenye karatasi maalumu na jibu linatoka kwa dakika chache bila maabara kubwa. Matokeo yake yalichapishwa 2017. Mpango uitwao NEST360 unapeleka vifaa vya watoto wachanga vya namna hiyo katika hospitali za Kenya, Malawi, Tanzania na Nigeria.

Kwa wahamasishaji wetu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba mwezi wa Septemba 2023: mkoba wenu una kipimajoto, una mizani, lakini kipimo cha manjano hamna. Mnacho kidole, mwanga wa mlangoni na nyayo za mtoto. Basi mvitumie kila mnapoingia nyumba yenye kichanga, hasa siku ya tatu hadi ya tano.

Habari ya jua

Najua hapa mtabishana, na ni haki yenu, maana wengi wetu tuliambiwa na wauguzi wenyewe tumwanike mtoto jua. Habari hiyo ilianzia mahali pa kweli. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford kule Uingereza, muuguzi mkuu Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto njiti nje kwenye jua. Siku moja akamwonyesha daktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imerudi rangi yake, isipokuwa pembe moja iliyobaki ya manjano. Kumbe pembe hiyo ndiyo iliyokuwa imefunikwa na shuka. Baadaye chupa ya damu iliyosahauliwa dirishani juani ikapimwa, bilirubini yake ikawa imeshuka. Daktari Cremer na wenzake wakatengeneza taa, wakaandika habari zake 1958, na taa za buluu mnazoziona hospitalini ni wajukuu wa taa hiyo.

Kwa hiyo mwanga hutibu. Lakini ule unaotibu ni mwanga wa buluu, mwingi, mwili mzima ukiwa wazi, kwa saa nyingi mfululizo usiku na mchana, huku damu ikipimwa tena na tena. Dakika 15 za asubuhi mtoto akiwa amevikwa kofia na soksi hazifikii hapo hata karibu. Mkizidisha, jua la huku kwetu litamchoma na kumkausha maji, na mtoto aliyekauka maji bilirubini yake hupanda. Lagos, Nigeria, walijaribu kutumia jua kwa njia salama, chini ya mahema ya karatasi maalumu zinazozuia mionzi mibaya, na ilifaulu, matokeo yalitoka 2015. Lakini ilikuwa hospitalini, chini ya wauguzi wanaopima joto la mtoto kila mara.

Ubaya mkubwa wa jua la nyumbani si kuchoma. Ni kwamba linatupa moyo wa kungoja. Tunaanika Jumatano, tunaanika Alhamisi, tunaona kama uso umetakata, Ijumaa mtoto hanyonyi. Na mjue kwamba mwanga hufifisha ngozi kabla damu haijashuka vya kutosha. Hata mtoto aliye chini ya taa za hospitali haangaliwi tena kwa rangi, anapimwa damu tu.

Maji ya glukosi, maji ya kawaida, dawa za mitishamba, hivyo vyote vinajaza tumbo na kumnyima maziwa. Bilirubini hutoka kwa choo, na kinacholeta choo ni maziwa, hasa dang'a ile ya siku za kwanza. Anyonye kila saa mbili au tatu, usiku pia, aamshwe kama amelala. Njiani kwenda hospitali aendelee kunyonya. Akishindwa, mama akamue, apewe kwa kijiko kidogo kidogo.

Wa kuangaliwa zaidi

Nitapita upesi. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mdogo sana. Aliyevilia damu kichwani kwa uzazi mgumu. Ambaye kaka au dada yake alipata manjano makali. Ambaye mama ana damu ya kundi O, au damu yake ni "negativu". Huyu wa pili akizaa mtoto mwenye damu "positivu" anatakiwa kuchomwa sindano ndani ya saa 72, ili mtoto atakayefuata asidhurike. Kila mama mjamzito wa kikundi ajue kundi lake la damu kabla ya kuzaa, lipo kwenye kijitabu.

Kuna jingine la kwetu Pwani. Katika nchi zilizozoea malaria, watoto wengine, hasa wa kiume, huzaliwa na chembe za damu zinazovunjika kirahisi. Hawana dalili yoyote hadi wakutane na kitu kinachozivunja. Kimojawapo ni zile tembe nyeupe zenye harufu kali za kuweka sandukuni kufukuza nondo na mende. Nguo za mtoto zikikaa nazo miezi tisa, kisha akavikwa bila kuanikwa wala kufuliwa, anavuta harufu hiyo, na damu inaweza kuvunjika ghafla. Hina pia imeleta madhara kama hayo ikipakwa kichanga. Tuziache mbali na watoto wachanga, zote mbili.

Na manjano yakipita wiki mbili bado yapo, tazameni choo. Choo cha kichanga anayenyonya huwa cha rangi ya haradali. Kikiwa cheupe kama majivu au udongo mweupe, na mkojo ni wa rangi ya chai, njia ya nyongo huenda imeziba. Inahitaji upasuaji, na upasuaji huo hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza miezi miwili. Msingoje chanjo ya wiki ya sita ndipo mseme.

Sasa akina baba

Mtoto yule wa 2014 alipozidiwa usiku, nusu saa ilipotea kutafuta pesa za bodaboda. Kutoka huku kwetu hadi Taveta si mbali kwa mwenye nauli mfukoni. Kikundi chenye mzunguko wa kila wiki hakikosi shilingi mia chache za kuweka kando, na mtu mmoja wa kuzitoa saa yoyote bila kuitisha mkutano. Awepo pia mwenye pikipiki aliyekubali kuamshwa.

Kabla mama hajazaa, mmoja wenu aende au apige simu Taveta Sub-County Hospital aulize mambo mawili: kipimo cha bilirubini kinafanyika siku zote au siku fulani tu, na taa za watoto zinafanya kazi? Kama kwa wakati huo kimoja hakipo, aulize hospitali ya rufaa ya Moi pale Voi, ili usiku wa shida mjue ni kuteremka Taveta au ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Na bima ya mama ishughulikiwe mapema, maana tangu Oktoba 2024 ni SHA, na kadi ile ya zamani ya NHIF haitawasaidia mlangoni.

Ya kujadili kabla ya kufunga mkutano:

Katika kikundi chetu ni mama gani anatarajia kuzaa miezi mitatu hii, na nani atakwenda nyumbani kwake siku ya tatu na ya tano, mchana, si jioni?

Nyanya akisema mtoto ni wa manjano na mgeni msomi akisema si kitu, sisi tutafanya nini?

Pesa za bodaboda zitakaa kwa nani, na namba yake ya simu tunaiandika wapi ili hata mama aliye peke yake nyumbani aione?

Kuna mtoto kijijini kwetu asiyekaa au asiyesikia, ambaye hatujawahi kumtembelea? Mama yake angependa kuja kutusimulia jinsi siku zile za kwanza zilivyokuwa?